Stuli ya Dada Bernadette

Jumanne, 4 Machi

Mkutano wa mji leo. Ukumbi wa mazoezi wa shule, viti vya chuma, maharage ya kuoka, tope mpaka mlangoni. Mimi mjumbe wao nilipewa dakika tano kueleza Bunge la jimbo la Vermont linafanya nini huko makao makuu, Montpelier. Nilitumia kumi na saba. Wananchi wa Dunmere walinisikiliza kwa utulivu mkubwa. Wawili walisinzia, lakini hao husinzia hata kanisani.

Nikatangaza muswada wangu. Ukurasa mmoja tu: mfanyakazi yeyote ambaye kazi yake inaweza kufanyika akiwa ameketi, apewe kitu cha kukalia. Basi! Makofi! Hata yule anayenidai nimrudishie toroli yake alipiga makofi.

Dada yangu Bernadette alikuwa nyuma kabisa, ameegemea ukuta, bado na aproni ya kijani ya supamaketi ya Fenwick. Miaka kumi na tisa yuko pale kwenye kaunta ya malipo, amesimama. Nyonga ya kushoto imekwisha. Aliomba stuli. Meneja akamjibu kwa barua kwamba mteja akimkuta keshia amekaa atadhani duka limelala. Barua hiyo ninayo mimi. Nimeitia kwenye fremu.

Nikamwonyesha kwa kidole. Watu wote wakageuka. Akainamisha kichwa. Baadaye, kwenye maegesho, akaniambia mara nyingine nimuulize kwanza. Nikamwambia mara nyingine atakayemuuliza ni televisheni.

Niandike hapa, maana hapasomwi na mtu: mama alipofariki nilikuwa na miaka tisa, Bernadette kumi na tano. Aliacha shule, akaingia kiwanda cha vifungo, akanilea. Kwa hiyo muswada huu unatoka moyoni. Pia nafasi ya makamu mwenyekiti wa kamati yetu iko wazi tangu Januari. Vyote viwili vinaweza kutoka moyoni. Moyo wangu ni mpana.

Jumanne, 11 Machi

Wiki ya kufa na kupona. Muswada usiotoka kwenye kamati kabla ya saa kumi na moja jioni ya Ijumaa, umekufa mpaka mwakani. Mkahawa wa bungeni umejaa watu wanaokula bila kutafuna.

Kamati yetu ina wajumbe kumi na mmoja na chumba cha wajumbe sita. Magoti yanagongana. Tunayo mambo matatu: muswada mkubwa wa nyumba, muswada wa ujenzi wa Winifred Stowell, na stuli yangu. Wa Winifred unasema jengo dogo la ghorofa liruhusiwe kuwa na njia moja ya ngazi badala ya mbili, ili nyumba ziwe nyingi na za bei nafuu. Ngazi! Nani aliwahi kulia kwa sababu ya ngazi?

Winifred ni mwalimu mstaafu wa hesabu. Husoma kila muswada mpaka tanbihi. Huleta biskuti za tangawizi. Naye anautaka umakamu, ingawa anajifanya hautaki, jambo ambalo ndilo baya zaidi.

Mwenyekiti wetu, Mzee Ezra Tuttle, mfugaji wa ng'ombe, akasema stuli itasikilizwa kesho saa tatu asubuhi, shahidi aje mapema, tupige kura tumalize. Nikaruka. Saa tatu asubuhi kamera hazipo! Mwandishi wa televisheni anakuja saa tisa alasiri kwa ajili ya nyumba. Nikaomba stuli isogezwe iwe baada ya nyumba. Mzee Tuttle akanitazama kama anavyomtazama ng'ombe aliyekataa nyasi. Akakubali.

Winifred akanivuta kando. Akasema, "Orrin, kura unazo. Nimezihesabu. Saba kati ya kumi na moja. Zichukue uende nyumbani."

Nikamshukuru kwa ubaridi. Wivu ukivaa miwani unafanana sana na hesabu.

Jioni nikapanda kwa Bernadette. Ngazi kumi na nne, nyembamba, juu ya duka la viatu. Hushuka kwa kukaa, moja baada ya nyingine, akidhani sijui. Ushahidi wake ameuandika nyuma ya risiti ya Fenwick. Sentensi tano. Nikampa wa kwangu. Kurasa tatu, neno "utu" mara nne.

Akausoma wote, polepole, kwa kidole. Kisha: "Mdogo wangu, haya ni maneno mazuri sana. Lakini si yangu. Mimi nataka kuwaambia nyonga inauma."

Nikamweleza kwamba nyonga inayouma kila mtu anaijua. Inatakiwa nyonga yenye maana. Nikamwomba pia jambo moja dogo: asikae. Pale bungeni asikae popote, hata kwenye korido. Mwandishi akipita amkute amesimama. Picha ya mwanamke anayedai stuli huku ameketi ni picha gani hiyo?

Alizikunja kurasa zangu. Halafu akaniuliza kama nimekula. Akanikaangia mayai. Akiwa amesimama.

Jumatano, 12 Machi

Sijui nianzie wapi. Nianzie mwanzo.

Alifika saa saba mchana. Alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake, kwa hiyo Jumamosi na Jumapili zote atafanya kazi. Alivaa gauni la bluu la harusi ya binti yake. Nikampanga koridoni, karibu na mlango, mahali penye mwanga mzuri. Mlinzi akamletea kiti. Nikakirudisha kwa adabu.

Muswada wa nyumba haukuisha. Alikuja mwenye majengo akalia. Akaja mpangaji akalia. Akaja mama mmoja aliyelala kwenye gari na paka wake tangu Novemba, na hakulia hata kidogo, na hapo ndipo sisi tulipolia. Saa tisa ikapita. Saa kumi. Kila nikichungulia mlangoni Bernadette yuko palepale, amebadilisha mguu.

Saa kumi na nusu nikampigia mwandishi wa televisheni. Hayupo Montpelier. Yuko Tunbridge, kuna ng'ombe wawili wamekwama topeni mpaka shingoni na zimamoto wanawavuta kwa kamba. Akasema ni habari nzito. Nikamwuliza, nzito kuliko utu wa mfanyakazi? Akasema mmoja ana mimba.

Ningeweza kumwita Bernadette wakati huo, akae, apumzike. Niliwaza kwamba huenda ng'ombe wakatoka upesi.

Aliitwa saa kumi na moja na dakika kumi. Kiti cha shahidi kipo. Alikitazama kiti. Akanitazama mimi. Nikamtikisia kichwa kidogo sana, hivi. Akabaki amesimama, mkono mmoja juu ya meza.

Alisoma ukurasa wangu wa kwanza mpaka kwenye "utu" wa pili. Akakwama. Akakunja karatasi zote tatu, akazitia mkobani.

Akasema: "Naitwa Bernadette Plouffe. Niko kaunta namba mbili. Nawajua karibu wote mnaotoka upande wetu, nawajua mnanunua nini, msiogope, sisemi." Wakacheka. "Sina ugomvi na kazi. Naipenda. Watu wazee wengine, mimi ndiye mtu pekee wanayezungumza naye siku hiyo. Ila ikifika saa nane sisikii tena wanachoniambia. Nasikia nyonga tu. Naona hiyo si haki kwao. Siombi kulala. Naomba kukaa kidogo, niwasikie."

Mzee Tuttle akavua miwani. Nikawaza, Mungu wangu, hii ni bora kuliko yangu, na hakuna kamera!

Nilikuwa nawaza hivyo hasa alipoanguka.

Hakupiga kelele. Mguu wa kushoto ulikunjika tu, akaenda upande, kichwa kikakosa meza kwa kidole kimoja. Winifred alikuwa chini kabla yangu, koti lake tayari chini ya kichwa cha dada. Bernadette alikuwa mweupe kama karatasi, akiomba radhi. Kwa Mzee Tuttle, kwa Winifred, kwa mlinzi. Radhi kwa usumbufu.

Nyonga imevunjika. Wamemchukua kwa gari la wagonjwa.

Alhamisi, 13 Machi

Hospitali. Wamemtia vyuma asubuhi. Alipozinduka aliuliza kama Fenwick wamearifiwa kwamba hatakuja Jumamosi. Kisha akauliza kama tumeshapiga kura. Nikamwambia kesho. Akafumba macho, akasema vizuri, basi angalau.

Nilimshika mkono. Mkono wake una ugumu kwenye vidole viwili kwa sababu ya kubonyeza mashine. Sikuwahi kuujua ugumu ule.

Saa nne na nusu Winifred akapiga simu. Aliulizia dada kwanza. Nikamjibu. Halafu akasema ana wazo: stuli yangu iingizwe kama kifungu cha mwisho kwenye muswada wake wa ngazi. Wa ngazi utatoka leo mchana, hauna mpinzani. Stuli itatoka nao, salama, kwenye mfuko mmoja.

Nikauliza jina la juu litakuwa la nani. Akasema, basi litabaki lilivyo, Stowell na wenzake. Nikauliza kama haiwezekani iwe Plouffe na Stowell. Akasema yeye hata lake lifutwe hana neno, lakini ofisi ya uandishi wa miswada inafunga saa sita na kubadilisha jina kunataka saini tatu, na Orrin, dada yako yuko kitandani.

Nikamwambia ndiyo, ni dada yangu. Nikamwambia stuli ya dada yangu haitajengwa kama ghorofa ya pili juu ya ngazi ya mtu mwingine. Maneno mazuri sana. Yalinijia hapohapo.

Akauliza kama nina hakika. Nikasema kesho itatoka peke yake, kwa makofi, wajumbe wote wamesimama. Akasema sawa. Akasema atampikia Bernadette supu.

Sijui kwa nini sauti yake ilinikera kiasi kile. Haikuwa na ubaya wowote ndani yake. Huenda ni hilo.

Bernadette alinisikia nikiongea koridoni. Akauliza ni nani. Nikamwambia kazi tu.

Ijumaa, 14 Machi

Muswada umekufa.

Niandike ulivyokufa. Saa tatu asubuhi ngazi ya Winifred ikapita, kumi na moja kwa sifuri. Kumbe jana muswada wake hakuupeleka kwenye kura. Aliuzuia siku nzima, akiningoja mimi nibadili mawazo. Saa nne na nusu nyumba zikapita. Stuli nikaomba iwe ya mwisho, kwa heshima ya dada. Ilipofika zamu, ilikuwa saa sita kasoro dakika ishirini na tano.

Winifred akanyoosha mkono. Akapendekeza tupige kura papo hapo, halafu mwenzetu atazungumza tukishamaliza, muda wote anaoutaka. Mjumbe wa pili akaunga mkono. Mzee Tuttle akauliza kama kuna pingamizi.

Pingamizi lilikuwa langu.

Nilikuwa na hotuba! Niliiandika hospitalini, miguuni pa kitanda chake, yeye akiwa amelala. Ilianza na kiwanda cha vifungo. Ilipita kwa mama. Ilikuwa na sehemu ya kunyamaza. Nilinyamaza mahali palipopangwa, na kwenye kunyamaza kule ndipo kengele ikalia. Kengele ya Bunge zima. Wajumbe wote ukumbini mara moja, kupiga kura moja baada ya nyingine.

Mzee Tuttle akasema tutarudi. Hatukurudi. Ukumbini walibishana juu ya mipaka ya ardhi ya kinamasi mpaka saa kumi na mbili jioni. Saa kumi na moja nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu chenye mto mwekundu, nikiitazama saa ya ukutani. Mshale wa dakika ulifika juu kabisa, ukapita. Hakuna aliyegeuka. Winifred peke yake, mistari miwili mbele, aliinamisha kichwa.

Baadaye Mzee Tuttle alinikuta kwenye ngazi za nje. Alikuwa na kofia yake ya zizini. Nilidhani atanifokea. Akasema tu, "Kura zilikuwa kumi na moja, Orrin. Baada ya alivyoanguka, hata wale wanne walikuwa na wewe." Akaenda kukamua.

Kumi na moja! Ingekuwa rekodi yangu.

Jumapili, 16 Machi

Nilimpelekea maua na shira ya mti wa maple. Nilipanga kumwambia kwamba muswada "umesogezwa mbele". Ni kweli kabisa. Umesogezwa mpaka Januari.

Alikuwa na gazeti, lina orodha ya miswada iliyokufa. Muuguzi alimpa. Alinisubiri nimalize kusema "umesogezwa mbele", yote, na sababu zake. Kisha akasema, "Orrin, Winifred alikuja na supu. Nilimuuliza mwenyewe. Hakutaka kuniambia. Nilimlazimisha."

Nikaanza kueleza juu ya jina na saini tatu.

"Ningekaa," akasema. "Jina lingekuwa la Winifred, au la paka. Mimi ningekaa."

Nikamimina shira kwenye kijiko, nikampa. Akaichukua kama nilivyokuwa nachukua dawa kwake zamani, bila kubisha.

Halafu habari nyingine. Daktari anasema hapandi tena ngazi kumi na nne. Labda mwakani, labda kamwe. Chumba chake juu ya duka la viatu kimekwisha. Nyumba ya chini Dunmere hakuna, zilizopo zina orodha ndefu ya wanaosubiri. Binti yake, Colleen, anataka kumchukua Ohio. Bernadette hajawahi kuishi mahali ambapo hamfahamu mtu wa posta.

Nikasimama! Nikasema haendi popote! Mimi nina chumba cha chini, kina dirisha la kuangalia mto, kina choo karibu. Ni kweli kina mabango yangu ya kampeni mia nne, lakini hayo ni mbao na karatasi tu. Nikasema nitajenga njia ya mteremko ya kiti cha magurudumu kutoka barabarani mpaka mlangoni. Nina duka la vifaa vya ujenzi! Nina misumari kuliko mtu yeyote katika wilaya! Ndani ya siku kumi, dada, utaingia kama malkia.

Alinitazama muda mrefu. Akauliza, "Kweli, Orrin?"

Nikasema kweli.

Akalia kidogo. Sijawahi kumwona akilia tangu kiwanda cha vifungo kifungwe. Akasema basi atamwambia Colleen asubiri.

Jumanne, 25 Machi

Mteremko umekamilika! Mbao za msonobari, misumari ya daraja la kwanza, moja kwa moja kutoka barabarani mpaka mlangoni, kama ulimi. Pembeni nimeweka ubao: NJIA YA BERNADETTE, IMEJENGWA NA MHE. ORRIN PLOUFFE. Nilimwita mwandishi wa gazeti la wilaya aje Alhamisi, siku ya kumwingiza dada.

Leo akaja mkaguzi wa majengo, Lyle Beecher. Sikumwita. Aliona ubao.

Akapima. Akapima tena. Akasema sheria ya jimbo inataka kila inchi moja ya kwenda juu iwe na futi moja ya kwenda mbele. Mlango wangu uko inchi thelathini juu. Mteremko wangu una futi kumi na moja. Akaweka chupa ya maji juu yake kunionyesha. Chupa ilivuka barabara.

Nikamwuliza ni mpumbavu gani aliyepitisha sheria kali namna hiyo. Akasema ni mimi. Muhula uliopita. Anakumbuka kwa sababu nilipiga ngumi mezani.

Lyle si mtu mbaya. Akasema, "We Orrin, ikunje tu. Ipige kona mara mbili, izunguke ubavuni mwa nyumba. Nitakuja na msumeno wangu, tumalize keshokutwa."

Niliufikiria sana. Ikizunguka ubavuni, ubao hauonekani barabarani. Na mwandishi anatazama kutoka wapi? Kutoka kwenye mapipa ya taka? Nikamwambia nitaomba msamaha maalumu wa sheria. Mimi ni mjumbe wa kamati yenyewe, nitaupata kwa siku mbili tatu.

Akatikisa kichwa, akabandika mlangoni karatasi ya njano ya kuzuia mteremko usitumike.

Mabango nimetoa mia moja na sitini. Mengine sijui niyaweke wapi yasilowe. Uchaguzi uko karibu kuliko watu wanavyodhani.

Jumatano, 2 Aprili

Msamaha wa sheria unachukua siku tisini.

Hospitali imechoka kungoja, ikamtoa dada leo. Colleen alikuja kutoka Ohio na mume wake na gari la kukodi. Wakapita kwangu kwanza. Bernadette alikuwa kiti cha mbele, kioo ameshusha. Aliangalia mteremko. Aliangalia karatasi ya njano. Dirishani yalionekana mabango, uso wangu mara mia mbili na arobaini, ukicheka.

Colleen alisema mambo. Sitayaandika yote. Alisema, "Anko, mama yangu alikuvalisha viatu wewe."

Bernadette akamwambia anyamaze. Akaniita karibu na kioo. Akaniwekea kola vizuri. Akasema Ohio si mbali, kuna ndege. Wataondoka Jumamosi saa nne asubuhi, kutoka Burlington. Akauliza kama nitampeleka mimi uwanjani, yeye na mimi peke yetu, Colleen atatangulia na mizigo. Anataka tupitie barabara ya mto, aione mara moja.

Nikasema hata kama mbingu itaanguka.

Pia leo Mzee Tuttle alimtangaza makamu mwenyekiti. Sitaandika ni nani. Alileta biskuti.

Jumamosi, 5 Aprili

Siku ndefu. Nitaeleza vizuri, maana kwa juu juu inaweza kueleweka vibaya.

Jana jioni nilipata simu: leo saa mbili na nusu, Waterbury, kukata utepe wa jengo jipya la nyumba ishirini na nne za bei nafuu. Gavana yupo. Wajumbe wa kamati wanaalikwa. Televisheni ipo, hakuna ng'ombe mahali popote. Nikapiga hesabu. Kukata utepe, dakika kumi. Saa tatu kasorobo niko barabarani, namchukua Bernadette kwenye nyumba ya wageni walikofikia, barabara ya mto, Burlington. Inawezekana kabisa. Kwa tahadhari tu nikampigia Winifred, nikamwomba awe karibu na nyumba ile ya wageni, endapo. Akauliza endapo nini. Nikasema endapo tu.

Gavana alichelewa. Siwezi kulaumiwa kwa gavana! Saa tatu hajafika. Saa tatu na dakika kumi wakaanza kutupanga mstari. Nilikuwa wa nne kutoka kwenye mkasi. Mtu akiondoka hapo harudi. Simu ilitetemeka mfukoni mara tatu.

Utepe ulikatwa saa tatu na dakika arobaini. Niliendesha kama kichaa. Tope lilifika kwenye vioo. Nilifika uwanjani saa nne na dakika ishirini. Nikamkuta Winifred amekaa peke yake karibu na mlango wa vioo, mkoba magotini.

Akasema yeye ndiye aliyemleta, na wamepita barabara ya mto. Bernadette aliomba wasimame kwenye daraja la kwanza, akatazama maji, wakaendelea. Akasema dada alijitahidi kukaa nje ya lango mpaka walipoita majina kwa mara ya mwisho. Kila mwanamume alipoingia mlangoni, dada aligeuka.

Nikamwambia Winifred kuhusu gavana. Akasimama, akafunga vifungo vya koti. Lilelile alilomwekea dada chini ya kichwa. Akasema, "Nenda nyumbani, Orrin." Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira.

Nyumbani kimya sana. Chumba cha chini kina mwanga mzuri mchana, sikuwahi kukaa humo kuona. Nilikaa kidogo juu ya mabango.

Kulikuwa na ujumbe wa sauti kwenye simu. Nimeusikiliza mara sita. Anasema wamefika salama, Ohio ni tambarare, ameona shamba lisilo na mwisho. Anauliza kama nimekula.

Kwa hiyo hana kinyongo. Ni dhahiri. Na nimefikiri jambo: Januari nauleta muswada upya, safari hii kurasa arobaini, na sherehe ya kuufungua, naye aletwe kwa ndege, kamera zikiwa zimethibitishwa kwa maandishi. Mwaka huu kosa lilikuwa maandalizi.

Picha ya utepe imeshatoka kwenye mtandao wa gazeti. Gavana, mkasi, meya, na pembeni kabisa sikio. Ni langu. Nimelilinganisha kwenye kioo. Chini wameandika majina ya wote ila la kwangu. Nilitaka kumpigia Bernadette nimwambie kwamba nimekula, lakini mhariri amesema atanirudishia simu wakati wowote, na sitaki akute laini ina mtu.